Mpira wa Kikapu katika Chuo cha Durham
(Sehemu ya Pili)

Katika makala iliyotangulia tulieleza jinsi James Shepard alivyoasisi, mwaka 1910, chuo kidogo cha Weusi mjini Durham, katika jimbo la North Carolina, Marekani, ambacho leo chaitwa North Carolina Central University; sasa yatupasa tumtaje aliyekipatia chuo hicho sifa katika mpira wa kikapu, naye ni John McLendon.

Bwana huyu alisoma katika Chuo Kikuu cha Kansas, akaipokea ilimu ya mchezo kwa James Naismith mwenyewe, yule aliyeubuni mwaka 1891. Lakini kwa sababu ya rangi yake hakuruhusiwa kuichezea timu ya chuo alichosoma. Alipokabidhiwa timu ya Durham mwaka 1940, aliwafunza vijana wake mchezo wa kasi: mpira ukishanaswa chini ya kikapu hurushwa mbele papo hapo, na wachezaji hutimua mbio hadi upande wa pili kabla wapinzani hawajawahi kujipanga, na wapinzani wakiupata, hubanwa uwanja mzima wasipate nafasi ya kupumua.

Katika mji uo huo skuli ya utabibu ya Chuo Kikuu cha Duke ilikuwa na timu ya Wazungu waliokuwa katika mafunzo ya jeshi, maana Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vingali vikiendelea, na baadhi yao walikwisha kuwa mashuhuri katika vyuo vyao vya awali. Kukutana kwa timu hizi mbili kulikuwa haramu kwa kanuni za ubaguzi, wala hofu ya kuzivunja haikuwa ya bure, kwani mwezi wa Julai mwaka 1944 dereva wa basi mjini humo alimwua kwa risasi Booker T. Spicely, askari Mweusi, baada ya mzozo wa viti, na mahakama ikamwachilia huru.

Hata hivyo, Jumapili ya tarehe 12 Machi 1944, watu wengi wakiwa makanisani, vijana wa Duke walifika kwa njia za kuzunguka, wakaingia ukumbini wamejifunika makoti vichwani, na milango ikafungwa. Watazamaji hawakualikwa, ila wanafunzi wachache waliosikia vishindo waliparamia madirisha wakachungulia. Mwanzoni mikono ilitetemeka na pasi nyingi zikapotea. Kisha mbio za McLendon zikashika, na mchezo ukaisha kwa 88 dhidi ya 44.

Lakini lililo kubwa kwangu si ushindi huo, bali lililofuata: baada ya kupumzika walichanganyika, Mweusi na Mzungu upande mmoja, wakacheza tena, kisha wakaketi bwenini wakazungumza.

Magazeti hayakuandika neno, na umma haukupata habari hadi mwaka 1996, alipoichapisha mwanahistoria Scott Ellsworth. McLendon alifariki mwaka 1999. Jumba la Heshima la mchezo huu lilikuwa limemwingiza mwaka 1979 kama mchangiaji tu, likamtambua kuwa kocha mwaka 2016. Ucheleweshaji huo ni dhuluma, na haifai kuupamba kwa jina jingine.

Juma lijalo, inshallah, tutamweleza Sam Jones, mwanafunzi wa chuo hiki aliyetwaa ubingwa mara 10 akiwa na Boston Celtics.