Ndevu za Martin Luther na Uhuru wa Kikristo

Mara kwa mara hutokea katika sharika zetu kwamba mtumishi wa Kanisa hupimwa kwa kidevu chake. Wengine huona ndevu kuwa heshima, wengine huziona kuwa majivuno. Ili kulitafakari jambo hili, na tuziangalie ndevu za Martin Luther mwenyewe.

Katika Kanisa la Magharibi la Zama za Kati, makleri walitakiwa kunyoa ndevu, na mtawa alinyolewa utosi pia. Kwa hiyo Luther, alipofichwa katika ngome ya Wartburg kuanzia Mei 1521, alifuga ndevu na nywele, akajiita Junker Jörg. Ndevu zilimficha vema, kwani hakuna aliyetazamia kumwona mtawa akiwa nazo. Lucas Cranach alimchora katika sura hiyo.

Wakati huohuo Wittenberg iliingiwa na fujo. Siku ya Krismasi 1521 Andreas Karlstadt aliadhimisha Misa bila mavazi ya kikuhani, na wengi wakadai mageuzi ya haraka. Machi 1522 Luther alirudi. Naye, ingawa alikwisha kuandika kwamba nadhiri za utawa haziifungi dhamiri, alinyoa, akavaa tena joho la utawa, akahubiri siku nane mfululizo kuanzia tarehe 9. Alifundisha kwamba uhuru usigeuzwe kuwa sheria mpya, wala aliye dhaifu asikwazwe. Wembe ule haukumrudisha utumwani. Ulikuwa tendo la upendo.

Madhabahu ya Kanisa la Mjini Wittenberg, iliyowekwa mwaka 1547, yashuhudia jambo hilohilo. Katika picha zake Philipp Melanchthon, mwenye ndevu, anabatiza. Luther, aliyenyoa, anahubiri Kristo msulubiwa. Na katika Karamu ya Bwana Luther yuleyule, akiwa na ndevu za Wartburg, anapokea kikombe.

Fomula ya Konkordia ya mwaka 1577, katika kifungu cha 10, inatufundisha kuhusu mambo ambayo Mungu hakuyaamuru wala kuyakataza. Ndevu zimo humo. Lakini mtu akizifanya sharti la wokovu, au akifanya kunyoa kuwa kipimo cha wito, hapo Injili yenyewe imeguswa, nasi hatuna budi kukataa. Pasipo shurutisho hilo, tusiulize tu, "Je, ni halali?" bali pia, "Je, linamjenga ndugu yangu?"