Uovu hauna chanjo, bunduki ina kufuli

Risasi inapolia na watu kufa, jibu la kwanza kusikika huwa ni moja: “Shetani alimwingia.” Wengine husema aliyefyatua bunduki alirogwa, au alizaliwa na roho mbaya. Wakazi wa Busia na Malaba wameyasikia maneno hayo kwa Kiswahili, Kiteso, Kiluhya na Kijaluo, maana katika miji hii ya mpakani malori hupanga foleni lakini habari haipangi.

Mpenzi msomaji, wiki hii tunaliangalia jibu hilo kwa jicho la afya. Hatukusudii kubishana na imani ya mtu. Kiongozi wako wa dini ndiye wa kukueleza uovu ni nini na unatoka wapi. Swali letu ni dogo zaidi: je, jibu hilo linaweza kuokoa maisha ya mtu yeyote Jumamosi ijayo?

Somo la malaria

Tuanze na ugonjwa ambao kila nyumba ya Busia inaujua. Neno “malaria” lilitoka katika lugha ya Kiitaliano, na maana yake ni hewa mbaya. Kwa karne nyingi watu waliamini kwamba homa hiyo huletwa na hewa inayofuka kutoka kwenye mabwawa. Hawakuwa wajinga. Waliona kwa macho yao kwamba penye maji yaliyotuama pana wagonjwa wengi. Shida ni kwamba hewa mbaya huwezi kuishika wala kuifungia nje ya nyumba.

Mnamo 1897, daktari Ronald Ross, aliyekuwa akifanya kazi nchini India, aliviona vimelea vya malaria ndani ya mbu. Tangu hapo watu walipata la kufanya: kufukia madimbwi, kunyunyizia dawa ukutani, kulala ndani ya chandarua. Mwaka 2019 Busia ilikuwa miongoni mwa kaunti za magharibi mwa Kenya ambako chanjo ya malaria ilianza kutolewa kwa watoto wachanga. Mbu hawajaisha. Kilichofanyika ni kuweka kizuizi kati ya mbu na mtoto, na maisha mengi yameokoka kwa sababu ya kizuizi hicho.

Neno “uovu” linafanana na ile hewa mbaya. Linaeleza kila kitu, lakini halimpi mtu kazi ya kufanya. Ndiyo maana mwaka 1996 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulitangaza kwamba ghasia na mauaji ni tatizo la afya ya umma, kama yalivyo maradhi mengine. Mtaalamu wa afya hauulizi moyo wa muuaji siri zake. Huuliza mambo matatu: nani anaumia, kwa kifaa gani, na ni saa gani au mahali gani kifaa hicho kinapofika mkononi?

Hasira ileile, kifaa tofauti

Kuna wanaosema: “Mwenye nia ya kuua ataua hata kwa panga.” Ni kweli kwamba panga huua, na historia ya eneo letu inalo ushahidi mchungu. Hata hivyo, fikiria siku moja, Desemba 14, 2012. Katika kijiji cha Chenpeng nchini China, mwanamume aliingia katika shule ya msingi akiwa na kisu na kuwajeruhi watoto zaidi ya 20. Hakuna hata mmoja aliyekufa. Siku hiyohiyo, katika mji wa Newtown nchini Marekani, kijana aliingia katika shule ya msingi akiwa na bunduki. Watoto 20 na watu wazima sita waliuawa shuleni humo.

Nani kati ya wawili hao alikuwa na roho mbaya zaidi? Hakuna mizani ya kupima hilo. Tofauti tunayoweza kuiona ni kifaa. Anayeshika panga lazima amfikie mtu, na mtu huyo anaweza kukimbia, kupiga mayowe na kuita majirani. Risasi haingoji majirani.

Jambo hili huonekana wazi zaidi pale mtu anapoelekeza silaha kwake mwenyewe. Watafiti wamegundua kwamba wazo la kujitoa uhai mara nyingi huja kama wimbi: hupanda kwa muda mfupi, kisha hushuka. Aliyevuka wimbi hilo mara nyingi huishi miaka mingi baadaye. Wanaojaribu kwa bunduki, takriban tisa kati ya kumi hawapati nafasi hiyo ya pili. Mwaka 2006 jeshi la Israel liliamuru askari wake vijana waache bunduki kambini wanapokwenda nyumbani mwisho wa wiki. Idadi ya waliojiua ilipungua kwa takriban asilimia 40. Hawakuombewa pepo, wala tabia zao hazikubadilishwa. Kifaa kiliwekwa mbali nao siku mbili tu za juma.

Bunduki zilivyofika kwetu

Busia na Malaba si viwanda vya silaha. Ni njia. Serikali ya Idi Amin ilipoanguka mwaka 1979, ghala la silaha katika kambi ya jeshi ya Moroto, Karamoja, liliporwa, na bunduki zikaanza kuvuka mipaka pamoja na mifugo. Mnamo Desemba 1987 wakazi wa Busia walisikia milio ya risasi wakati vikosi vya Kenya na Uganda vilipopambana mpakani na mpaka ukafungwa. Kaskazini mwa Malaba, katika Mlima Elgon, mzozo wa ardhi ya Chepyuk uligeuka vita kati ya 2006 na 2008. Wapiganaji wa SLDF walijihami kwa bunduki, mamia ya watu wakauawa na maelfu wakatoroka makwao.

Mwishoni mwa 2017, shirika la utafiti la Small Arms Survey lilikadiria kwamba raia wa Kenya walikuwa na bunduki zipatazo 750,000. Zilizosajiliwa hazikufika 10,000. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya silaha zilizo mikononi mwa raia haijawahi kuonwa na afisa wa leseni.

Serikali hazikukaa kimya. Mwaka 2004 mataifa ya eneo hili yalitia saini Mkataba wa Nairobi kuhusu silaha ndogondogo. Mwaka 2016 Rais Uhuru Kenyatta aliwasha moto kuteketeza bunduki zaidi ya 5,000 huko Ngong. Mwaka 2018 kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa rasmi Busia, ambapo maafisa wa nchi zote mbili hukagua mizigo na wasafiri mahali pamoja.

Lakini wewe unayeishi hapa unazijua njia za panya. Unajua pia kwamba ndugu wa Kiteso, Kisamia au Kikhayo anaweza kulala Kenya na shamba lake likawa Uganda. Jina “boda boda” lenyewe lilizaliwa katika mpaka huu, kutokana na waendesha baiskeli waliovusha watu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hakuna ukuta utakaoziba mpaka wa namna hii. Kama ilivyo kwa mbu, hatuwezi kungoja mpaka bunduki ya mwisho ikamatwe. Kizuizi lazima kiwe karibu na kitanda.

Kisa cha Kampala

Mnamo Mei 2, 2023, waziri mdogo wa Uganda, Charles Engola, aliuawa nyumbani kwake na mlinzi wake mwenyewe, ambaye kisha alijiua. Siku kumi baadaye, polisi mmoja jijini Kampala alimuua kwa risasi mtu aliyekuwa akimdai mkopo. Alitoroka, akakamatwa Busia upande wa Uganda.

Polisi wa Uganda walieleza jambo linalostahili kukumbukwa. Afisa huyo alikuwa amewahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili na alikuwa amezuiwa kushika bunduki. Bunduki aliyoitumia aliichukua kwa mwenzake waliyeishi naye. Amri ya kumzuia ilikuwepo. Kilichokosekana ni kufuli chumbani.

Kenya nayo ina makovu yake. Mnamo Novemba 2010 polisi aliwaua watu kumi kwa risasi mjini Siaya, si mbali na Busia. Mnamo Desemba 2021, mtaani Kangemi, Nairobi, afisa mwingine alimuua mkewe na watu wengine kabla ya kujiua.

Hapa pana onyo. Usitoke na fikra kwamba kila mwenye ugonjwa wa akili ni mtu hatari. Wengi wao hawamdhuru mtu yeyote maishani. Tukimwita mgonjwa “mwovu” au “mwenye pepo”, huficha maradhi yake, na askari akiogopa kuchekwa au kupoteza kazi hatamwambia mkubwa wake kwamba halali usiku. Vilevile, kueleza chanzo si kusamehe kosa. Mahakama itafanya kazi yake. Lakini mahakama huja baada ya mazishi.

“Nami nitajilindaje?”

Mfanyabiashara wa Malaba anayebeba pesa jioni atauliza hivyo, na swali lake ni la haki. Sheria ya Silaha, sura ya 114, inamruhusu raia kuomba leseni ya bunduki. Sheria hiyo inamkataza afisa kumpa leseni mlevi wa kupindukia, asiye na akili timamu, au yeyote asiyefaa kuaminiwa na silaha. Zingatia maneno hayo. Sheria haiulizi kama mwombaji ni mwovu. Inauliza mambo yanayoweza kuchunguzwa.

Hata hivyo, pima faida na hatari. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1993 ulionyesha kwamba katika nyumba zenye bunduki, hatari ya mtu kuuawa humo ilikuwa karibu mara tatu kuliko katika nyumba zisizo nayo, na mara nyingi muuaji alikuwa jamaa au mtu anayefahamika. Marekani si Busia, lakini ulevi, wivu na ugomvi wa urithi havihitaji pasipoti.

Kama una leseni, au mwenzako nyumbani ni askari:

• Bunduki ikae ndani ya sanduku la chuma lililofungwa kwa kufuli, bila risasi ndani yake.
• Risasi zifungiwe mahali pengine, na ufunguo wake uwe tofauti.
• Mtoto asijue ufunguo uliko. Usidhani kwamba kumkanya kunatosha.
• Pombe na bunduki visikae meza moja.
• Nyumbani kukiwa na mtu aliyefiwa, aliyeachwa, aliyefutwa kazi au anayezama katika madeni, omba silaha ihifadhiwe kituo cha polisi mpaka dhoruba ipite.

Nyumba isiyo na bunduki ina sumu ya wadudu na dawa ya kuogeshea mifugo. Nazo zifungiwe. Sri Lanka ilipopiga marufuku dawa za shambani zenye sumu kali zaidi katika miaka ya 1990, idadi ya wanaojiua ilipungua kwa nusu katika miaka kumi hivi.

Ukikuta bunduki shambani au kichakani, usiiguse. Mwarifu chifu au polisi. Ukijua kuna silaha haramu nyumbani na unaogopa kuipeleka peke yako, shauriana kwanza na mzee wa mtaa au kiongozi wa dini unayemwamini.

Dalili za kutahadhari

Mtu anayesema amechoka kuishi, anayetoa vitisho vya kuua, anayegawa mali yake ghafla, asiyelala, au aliyezidisha pombe baada ya msiba, asipuuzwe. Muulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Kisha msindikize kwa daktari au mshauri nasaha katika hospitali ya rufaa ya Busia au kituo cha afya kilicho karibu. Tena, mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai kinapingana na Katiba. Anayehitaji msaada asiogope pingu.

Mtu akipigwa risasi

Anayevuja damu nyingi anaweza kufa katika dakika chache, kabla gari halijafika. Fanya hivi:

1. Hakikisha wewe mwenyewe uko salama, kisha piga 999 au 112.
2. Bonyeza jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi. Kikilowa, ongeza kingine juu yake. Usikitoe cha kwanza.
3. Ikiwa ni mkono au mguu na damu haikomi, funga kitambaa kipana juu ya jeraha, upande wa moyoni, kikaze kwa kijiti mpaka damu ikome, na uandike saa uliyofunga. Usikilegeze mpaka hospitalini.
4. Usijaribu kutoa risasi. Usimwagie mafuta ya taa, majivu wala sukari.
5. Usimpe chakula wala kinywaji, maana huenda akahitaji kupasuliwa. Mfunike asipate baridi.
6. Akipigwa kifuani na akawa anapumua kwa shida, msaidie aketi. Akizimia lakini anapumua, mlaze kwa ubavu.

Usipoteze muda kutafuta karatasi za polisi kwanza. Ibara ya 43(2) ya Katiba inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Fomu ya P3 itajazwa baadaye, mgonjwa akiwa hai.

Mpenzi msomaji, jioni ya leo utakagua chandarua kama kina tundu. Kama nyumbani mwako mna bunduki, kagua na kufuli.