Geti Husimamishwa Kabla ya Kufika

Katika mitaa mingi ya Johannesburg, geti la nyumba huteleza kwa mota ndogo. Chuma cha kilo 500 huenda kasi, kikapunguza mwendo, kikagusa nguzo bila kishindo. Utulivu huo hauletwi na kukata umeme. Umeme ukikatwa, mota na geti huendelea kusogea hadi msuguano uvisimamishe, na msuguano hubadilika kila reli inapoingia mchanga. Betri inayoendesha mota ikichoka, kasi nayo hubadilika. Kwa hiyo kupima kwa muda, tuseme sekunde 15 kisha zima, hakuaminiki.

Njia ya uhakika ni kuhesabu mizunguko. D5-Evo, mota ya volti 12 iliyotengenezwa na kampuni ya Centurion Systems ya Johannesburg, hufanya hivyo. Chukua mfano: gia ya nje ikizunguka mara moja, geti husogea sentimita 20, na ndani, mota huwa imezunguka mara 30. Kihisi kikitoa pigo moja kwa kila mzunguko, kila pigo ni takriban milimita 7 za safari. Hesabu ikiteleza kidogo, sumaku iliyofungwa kwenye geti huirekebisha kila inapopita mbele ya kihisi chake.

Mahali pakishajulikana, breki huanza mapema. Nishati ya mwendo hufuata mraba wa kasi: kasi ikishuka nusu, nishati hubaki robo. Saketi hupunguza kasi kwa kuwasha na kuzima umeme maelfu ya mara kwa sekunde, ikifupisha vipindi vya kuwasha. Mwishoni huunganisha nyaya mbili za mota zenyewe kwa zenyewe. Mota hugeuka jenereta, na mkondo inaouzalisha huizuia isizunguke.

Mkondo ambao mota huuvuta kutoka kwenye betri, nao, ndio mlinzi wa watu. Geti likimgusa mtoto, mota hulemewa na mkondo hupanda; saketi huona, husimamisha, kisha hurudisha nyuma. Geti linapokwama kwa uchafu, wengi humwomba fundi aongeze nguvu. Tafadhali msifanye hivyo: mnaondoa kinga hiyo. Safisheni reli, kazeni sumaku, badilisheni betri iliyochoka, hasa baada ya miaka ya mgao wa umeme kama 2023. Geti linaloteleza kwa wepesi halihitaji nguvu zaidi, na mota yake itamtambua mtu mapema.