Pikipiki Kuukuu Ikigoma Njiani

Usiku mmoja wa masika tulimpakia mke wa jirani yetu, aliyekuwa ameshikwa na uchungu, tukashika njia ya zahanati. Pikipiki yetu kuukuu ilikwenda vema hata katikati ya kilima. Hapo ikakohoa mara mbili, ikazimika. Tukaifungua plagi, tukaisugua, tukairudisha. Injini ikawaka, ikaenda kitambo kidogo, ikazimika tena. Basi tukakata shauri kwamba kabureta ndiyo mbovu, tukaanza kuifungua gizani, na parafujo moja ikapotea majanini. Mtoto alizaliwa katika nyumba ya watu kando ya njia. Mama na mwana walipona kwa uangalizi wa bibi mmoja wa nyumba ile. Lakini sisi tulibaki na haya.

Kulipopambazuka, kijana mmoja alifungua kifuniko cha tangi, nasi tukasikia hewa ikivutwa ndani kwa sauti. Kitundu cha hewa katika kifuniko kilikuwa kimezibwa na matope makavu, na hewa isipoingia tangini, petroli haishuki. Tulipokuwa tukiisugua plagi, hewa ilikuwa ikipenya polepole, nasi tukadhani kusugua kwetu ndiko kulikotibu. Dawa ya kweli ilikuwa sindano moja ya kuzibulia kitundu.

Tangu siku ile tumeshika kanuni moja: tusifungue kitu ila tumekwisha kuuliza maswali kwa utaratibu wake. Pikipiki yetu ni Honda CG125, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, ambayo valvu zake husukumwa kwa fimbo, na ambayo viwanda vya China vimeiiga sana. Nyingi za bodaboda zetu ni za ukoo huo. Injini ya namna hii yataka mambo matatu: petroli, cheche, na mbano wa hewa. Ikikosa moja, haiwaki.

Swali la kwanza ni petroli. Tazama tangi na koki yake. Fungua kifuniko, usikilize kama hewa yavutwa. Kisha vua mpira kwenye kabureta, uache petroli itiririke katika kikombe, mbali na moto na sigara. Ikitiririka sawasawa, njia ya juu ni nzima. Ikidondoka tone tone, koki au chujio lake limeziba. Halafu legeza parafujo iliyo chini ya bakuli la kabureta, ukinge yatokayo. Ukiona matone ya mviringo yametulia chini ya petroli, hayo ni maji. Mwaga yote, ujaribu tena.

Swali la pili ni cheche. Kwanza tazama swichi ya kuzimia, maana wengi wametokwa jasho hali imefungwa. Toa plagi, irudishe katika kofia yake, laza chuma chake juu ya chuma cha injini, mbali na tundu ilimotoka, kwa sababu mvuke wa petroli huwaka. Piga kiki. Cheche ya samawati yenye nguvu ni njema. Ikiwa ya manjano na hafifu, au haipo, jaribu plagi nyingine kwanza, kisha kofia, kisha waya wake. Katika pikipiki za zamani zaidi, vimo vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ili kukata umeme; vikichafuka au nafasi yake ikibadilika, cheche hupotea. Nafasi hiyo ni milimita 0.3 hadi 0.4, na ya plagi ni 0.6 hadi 0.7.

Plagi yenyewe husema habari za ndani. Ikiwa na rangi ya udongo hafifu, mambo ni mema. Nyeusi na kavu kama masizi, petroli yazidi au chujio la hewa ni chafu. Ikilowa oili, huenda ringi za pistoni zimechakaa. Ikiwa nyeupe, injini yapata joto kupita kiasi.

Swali la tatu ni mbano. Ukipiga kiki na mguu ukashuka pasipo kuzuiwa, usiseme upesi kwamba pistoni imekwisha. Mara nyingi valvu imebanwa, haifungi sawasawa. Injini ikiwa baridi kabisa, nayo pistoni ikiwa juu mwisho wa kubana, pima nafasi ya valvu: milimita 0.08. Kazi hii ya nusu saa imeokoa injini nyingi zilizokuwa zikingojea kupasuliwa bure.

Na taa je? Taa zikififia, anza na betri. Vichwa vyake vikiota ukungu mweupe, vua waya, vioshe kwa maji ya vuguvugu yenye magadi, uvikaushe, uvikaze. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha kama 12.6. Fyuzi ikiungua, usiweke msumari wala karatasi ya sigara mahali pake. Fyuzi ni mlinzi, na ukimwondoa, moto utaingia katika waya zote. Geuza usukani kushoto na kulia taa zikiwaka: zikipepesa, tafuta waya uliosuguliwa shingoni mwa pikipiki, maana hapo hukunjwa kila siku.

Jambo la mwisho ni hili: badili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha ujaribu. Ukibadili vitatu kwa pamoja, hata pikipiki ikiwaka hutajua kilichoiponya, nayo itakugomea tena usiku mwingine. Andika katika daftari siku, dalili, na dawa. Walimu waweza kuwafundisha vijana wakubwa hesabu ya milimita kwa kazi hii.

Nasi sasa, kila Jumamosi jioni, kabla ya kuifuta pikipiki vumbi, twaanza na kifuniko cha tangi. Yule mtoto wa kilimani ameanza kutembea, naye hupenda kushika sindano yetu. Twamnyang'anya kwa upole. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.