"Mboni ya Jicho": Maana na Matumizi Yake

Mzazi anapomwita mtoto wake "mboni ya jicho langu", anasema zaidi ya kwamba anampenda. Mboni ni lile duara jeusi katikati ya jicho, tundu linalopitisha mwanga ili mtu aone. Ni ndogo, lakini vumbi likiruka au kidole kikisogea, kope hujifumba kabla mtu hajafikiri. Hivyo msemo huu unabeba mambo mawili pamoja: kupenda na kulinda. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili huukuta katika Zaburi ya 17, ambapo mwenye kuomba anataka Mungu amlinde.

Hutumika zaidi kwa watu: "Kadzo ni mboni ya jicho la nyanya yake." Shamba la urithi au kisima cha kijiji pia chaweza kuitwa hivyo. Chapati haziitwi mboni ya jicho, hata ziwe tamu vipi. Kisarufi, kimilikishi hufuata jicho: "mboni ya jicho langu", si "mboni ya jicho yangu" kama inavyosikika mara nyingi. Na "mtoto wa jicho" si jina la mapenzi kamwe. Ni ugonjwa wa ukungu ndani ya jicho, unaowapata zaidi wazee, ingawa wapo watoto wanaozaliwa nao.

Mboni yenyewe pia inahitaji kuangaliwa. Ya mtoto inapaswa kuonekana nyeusi. Ikiwa nyeupe, au ikimeta kama jicho la paka kwenye picha iliyopigwa kwa taa ya simu, huenda ni mtoto wa jicho, au saratani ya jicho iitwayo retinoblastoma, ambayo huwapata hasa watoto walio chini ya miaka 5. Makengeza yanayoanza ghafla ni dalili nyingine. Mara nyingi saratani hiyo haiumi mwanzoni, na mzazi huona hakuna haraka. Ikigunduliwa mapema hutibika. Ikicheleweshwa, mtoto anaweza kupoteza jicho, hata maisha.

Maziwa ya mama au mitishamba machoni haitibu. Hupoteza muda na huweza kuleta maambukizi. Mtoto apelekwe mara moja kwenye kituo cha afya kilicho karibu, na mzazi aombe rufaa ya kliniki ya macho. Ile picha isifutwe. Weupe unaoonekana wazi kwenye simu huenda usionekane kirahisi pale zahanati, kwa hiyo mhudumu aonyeshwe.