Ramani Iliyopotea Posta

Paukwa! Pakawa.

Sogeeni, wapwa zangu. Leo mjomba atajaribu kunyamaza, ingawa itamwuma. Leo itasimulia karatasi.

"Mimi ni ramani. Nilizaliwa Braemar, kijiji cha milimani huko Scotland, Agosti ya mwaka 1881. Mvua ilinyesha. Ikanyesha, ikanyesha, ikanyesha. Ndani ya nyumba mlikuwa na mvulana wa miaka 13, Lloyd Osbourne, amechoka kufungiwa. Alikuwapo na baba yake wa kambo, Robert Louis Stevenson, mtu mwembamba, kifua kibovu. Mezani palikuwa na rangi za maji. Basi nikachorwa: kisiwa, bandari, vilima, na alama za mahali ilipofukiwa hazina."

Nani aliichora, mtoto au baba? Hilo ndilo swali! Anayeuliza hivyo nampa kiti cha mbele. Baadaye Stevenson alisema ni yeye. Lloyd naye, ukubwani, akasema ni yeye aliyeanza. Ramani haitaki ugomvi, imekataa kusema.

"Stevenson alinitazama, akanitazama. Watu wakaanza kutokea vichakani mwangu."

Watatokaje kwenye karatasi? Fagia uwanja wa nyumbani, uone. Hujaweka ufagio chini, watoto wamekwishajaa. Mahali pakiwa tayari, wachezaji hawakosi. Akaja Jim Hawkins, mtoto wa wenye nyumba ya wageni. Wakaja maharamia. Akaja Long John Silver, mpishi wa merikebu, mguu mmoja, kasuku begani.

Stevenson aliandika sura moja kwa siku, akawasomea wa nyumbani. Baba yake, Thomas, mhandisi wa minara ya kuongozea meli, alikuwa na miaka 63. Unadhani alisinzia? Thubutu! Alichukua karatasi, akaandika orodha ya vitu vyote vya kutiwa ndani ya sanduku la haramia Billy Bones. Mzee mzima! Sura 15 zikaisha, kisha maneno yakakauka. Yalirudi baadaye Davos, Uswisi, na hadithi ikamalizika.

"Mjomba, mbona nampenda Silver, na ni muuaji?"

Njoo nikupe mkono. Wakubwa wengi hawathubutu kuuliza hivyo. Stevenson alikuwa na rafiki, mshairi W. E. Henley, aliyekatwa mguu kwa maradhi. Henley alikuwa na nguvu, sauti kubwa na kicheko. Stevenson alichukua nguvu ile na uchangamfu ule, akampa haramia. Ndiyo maana Silver anapendeza. Anamsifu Jim, anamwita hodari, na Jim anavimba kichwa. Halafu usiku mmoja Jim anaingia ndani ya pipa kutafuta tofaa. Akiwa mle anamsikia Silver akimsifu baharia mwingine kijana, kwa maneno yaleyale, ili amvute kwenye uharamia! Mimi nikifika hapo huwa naona uchungu kuliko kwenye bastola zote za kitabu kile. Na bado, sura mbili tatu mbele, nimeshampenda tena.

Hadithi ilitoka kwanza gazetini, katika *Young Folks*, kwa jina la bandia la Kapteni George North. Mwaka 1883 ikawa kitabu, *Treasure Island*. Mwaka 1929 Frederick Johnson alikitoa kwa Kiswahili, *Kisiwa Chenye Hazina*.

"Na mimi? Mimi nilitumwa kwa wachapaji, nikapotea njiani. Kitabu kilifika, mimi sikufika. Stevenson akalazimika kusoma hadithi yake mwenyewe, kupima kila kilima na kila ghuba, achore nyingine. Aliichora ofisini kwa baba yake, na mzee Thomas akaghushi humo saini ya Kapteni Flint, haramia aliyeifukia hazina. Mnayoiona kitabuni ni mdogo wangu."

Je, hazina ilichukuliwa yote?

"La. Dhahabu ilichukuliwa. Mikuo ya fedha ilibaki palepale alipoifukia Flint."

Basi kisiwa kiko wapi, tuende?

"Muulizeni Jim. Ndiye msimulizi, na tangu ukurasa wa kwanza alikataa kusema. Alijua kuna watoto kama ninyi."