Jasho la Mtu Ndiyo Haki Yake

Wako wasemao kwamba haki za mtu binafsi ni fikra za kigeni, zilizoletwa kuivunja jamii yetu. Sisi hatukubaliani nao.

Ni kweli kwamba John Locke, mwanafalsafa wa Uingereza wa karne ya 17, alifundisha kuwa mtu huzaliwa na haki zake kabla ya kuwapo serikali, na kwamba kazi ya mikono yake humpa milki. Lakini Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Butiama, naye aliishika hoja ya jasho alipoandika juu ya mali ya taifa mwaka 1958. Locke aliruhusu hata ardhi yenyewe kumilikiwa. Mwalimu alisema ardhi ni ya Mungu, bali nguvu na akili alizotumia mtu kuifyeka na kuilima ni zake, na thamani iliyozaliwa nazo ni yake.

Hoja hiyo ilipata mtihani. Katika miaka ya 1970 wananchi wengi, wakiwemo wa Mara, walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Nia ilikuwa njema: shule, zahanati na maji. Hata hivyo wengi waliacha nyuma mashamba waliyoyatolea jasho, na baadhi yao wakayadai mahakamani. Mwaka 1992 ikatungwa sheria ya kuzifuta haki hizo za kimila na kuyazima mashauri yao.

Hapo Katiba ikawa ngao. Haki za binadamu ziliingizwa humo mwaka 1984, zikaanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua shauri la mkulima mmoja na mwanawe wa Mkoa wa Arusha. Ilitamka kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, ikabatilisha vifungu vilivyowafungia watu mlango wa mahakama. Katika hukumu hiyo yalinukuliwa maandishi yale yale ya Mwalimu.

Funzo ni wazi. Kila haki ina wajibu wake, na hakuna atumiaye yake kuvunja ya mwenzake. Lakini umma haunufaiki kwa dhuluma anayotendewa mmoja wao. Viongozi wa vijiji vya Musoma, Bunda na Butiama, kabla ya kuligawa shamba kwa jina la umma, na waulize kwanza: ni jasho la nani lililomo humo?